Tembe ya kisukari haingoji chakula

WAGONJWA wa kisukari wanaotibiwa hapa Voi wana swali moja ambalo halikosi kurudi kila wiki, ingawa kila mmoja huliuliza kwa namna yake. Dereva wa lori aliyeondoka Mombasa alfajiri hutaka kujua ni kwa nini alianza kutetemeka na kutokwa na jasho baridi alipokaribia Maungu, ilhali alikuwa amemeza dawa yake jinsi alivyoagizwa. Mama anayeuza ndizi Taveta huuliza kwa nini sukari yake ilishuka siku ile ile alipokosa hata nafasi ya kunywa chai. Mkataji wa mkonge kutoka Mwatate huletwa na wenzake wakidhani amelewa, kumbe hajaonja pombe wala chakula.

Wote hawa walikuwa wamemeza tembe ya aina moja, ile ndogo iitwayo glibenklamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara la Daonil.

Jibu fupi ni kwamba waliimeza bila kula. Lakini jibu hilo halimtoshi mtu mzima. Ukimwambia mtu "kula kwanza" bila kumweleza sababu, atalihesabu kuwa sharti jingine tu la daktari, kama lile la kupunguza chumvi, ambalo hulisahau afikapo mlangoni. Sababu yenyewe imo ndani ya kongosho, katika seli, yaani chembe hai, ndogo mno isiyoonekana kwa macho, na katika jinsi seli hiyo inavyofungua na kufunga milango yake. Nitaieleza kwa mfano ambao mkazi yeyote wa mji huu wa reli ataufahamu, kwa kuwa kazi ya seli hiyo haitofautiani sana na kazi ya stesheni ya mizigo.

Ghala lenye vifuko elfu kumi

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula. Mnamo 1869 mwanafunzi wa udaktari huko Ujerumani, Paul Langerhans, alilichunguza kwa hadubini na kuona vikundi vya seli vilivyojitenga na zile nyingine kama visiwa baharini. Mtu mzima ana visiwa hivyo karibu milioni moja, na ndani yake mna seli za beta, ambazo kazi yake ni kutengeneza homoni ya insulini. Insulini ndiyo inayowezesha misuli na mafuta ya mwili kuchukua sukari kutoka kwenye damu, na ndiyo inayoliambia ini liache kumwaga sukari zaidi.

Seli moja ya beta huweka akiba ya insulini katika vifuko vidogo vipatavyo 10,000. Hebu fikiria hatari iliyopo hapo. Vifuko hivyo vyote vingepasukia kwenye damu kwa wakati mmoja, sukari ingeporomoka na mtu angezimia kabla ya kufika jikoni. Kwa hiyo kazi ngumu ya seli hii si kutengeneza insulini peke yake. Kazi ngumu zaidi ni kuizuia isitoke mpaka itakapohitajika, kisha kuitoa kwa kiasi.

Ishara ya kuitoa huletwa na kalsiamu, madini yale yale ambayo sote tunayahusisha na mifupa, meno na maziwa. Nje ya seli, kalsiamu ni nyingi kiasi cha mara 10,000 kuliko ile iliyo ndani. Seli hutumia nguvu usiku na mchana kuisukuma nje, kama watu wanaochota maji kutoka kwenye mashua inayovuja. Ndiyo sababu tundu dogo tu likifunguliwa ukutani, kalsiamu huingia kwa kasi na kila kitu ndani hupata habari mara moja.

Nani hulifungua tundu hilo? Katika mtu mwenye afya, hulifungua chakula. Umekula kimanga au ugali, sukari imepanda kwenye damu, nayo ikaingia katika seli ya beta na kuchomwa humo ili kutoa nishati. Nishati inapoongezeka, milango ya madini ya potasiamu iliyo kwenye ukuta wa seli hufungwa. Kufungwa kwa milango hiyo hubadilisha umeme mdogo ulio kwenye ukuta, na badiliko hilo la umeme ndilo linalofungua milango ya kalsiamu. Kalsiamu huingia, hugusa protini zinazofanya kazi kama vishikizo kati ya kifuko na ukuta, kifuko huungana na ukuta, na insulini humwagika kwenye damu. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani, Grodsky na Bennett, walionyesha kwa kongosho la panya kwamba ukiondoa kalsiamu, hata ukimwaga sukari kiasi gani, insulini haitoki.

Maelezo hayo ndiyo tuliyofundishwa chuoni, na kwa muda mrefu yalionekana kutosha. Hata hivyo yanaacha jambo moja kubwa. Kalsiamu imeingia, sawa, lakini vifuko 10,000 havikutoka. Vilitoka vichache. Ni nini kilichovizuia vile vingine?

Reli na ua

Watu wengi hudhani kwamba seli ni kama mfuko wa maji. Sivyo. Seli ina kiunzi chake cha ndani, na kiunzi hicho kina uhai wa aina yake kwa sababu hujengwa na kubomolewa muda wote, pengine mara nyingi ndani ya saa moja.

Sehemu mbili za kiunzi hicho ndizo zinazotuhusu hapa. Ya kwanza ni nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini, zilizosukwa chini ya ukuta wa seli mithili ya ua. Watu wa Sagalla na Kasigau wanaoishi mpakani na mbuga ya Tsavo wanajua maana ya ua: ukiwa imara, ndovu hawafiki shambani, ukilegea mahali pamoja, hupenya hapo. Vifuko vya insulini vingi vimekaa upande wa ndani wa ua wa aktini, na haviwezi kuugusa ukuta mpaka ua ulegee. Kalsiamu inapoingia na sukari inapochomwa, ua huo hupangwa upya. Unafunguka mahali fulani, si kote, na nyuzi zile zile zilizokuwa kizuizi hugeuka kuwa njia ya kukisukuma kifuko kuelekea mlangoni. Mwaka 1972 Lelio Orci na wenzake walitumia sumu ya kuvu inayovuruga aktini, wakaona kwamba seli za beta zikichochewa na sukari hutoa insulini zaidi ya kawaida. Ua ulikuwa umebomolewa.

Sehemu ya pili ni mabomba membamba sana yaliyojengwa kwa protini iitwayo tubulini. Haya ndiyo reli za seli. Kuna protini ndogo zinazotembea juu yake zikiwa zimebeba vifuko mgongoni, tena kwa hatua, kama hamali.

Kuhusu reli hizi wanasayansi wamevutana kwa muda mrefu. Mwaka 1968 Paul Lacy na wenzake huko St. Louis, Marekani, walitumia kolkisini, dawa ya jongo ambayo hubomoa mabomba hayo, wakaona utoaji wa insulini ukipungua. Wakasema kwamba bila reli mizigo haifiki. Ilionekana wazi kabisa. Lakini mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, wakiwa na hadubini bora mno, walieleza jambo lililowashangaza wengi: katika seli ya beta reli hizo hazielekei moja kwa moja ukutani. Zimetandazwa ovyo kama wavu, na vifuko hubebwa huku na huko bila mwelekeo maalumu. Kifuko kilichofika ukutani huchukuliwa tena na kurudishwa ndani kabla hakijapata nafasi ya kufunguka. Sukari ikipanda, baadhi ya reli zilizo karibu na ukuta hubomoka, na vifuko vilivyoko hapo hubaki vikingoja mlango.

Mimi naona pande zote mbili zina ukweli, kwani insulini mpya inayotengenezwa katikati ya seli lazima isafirishwe, na ile iliyokwisha kufika lazima izuiwe. Mtu aliyewahi kuona mabehewa yakikaa Voi siku nzima kungoja injini hatashangaa kwamba reli ile ile inaweza kupeleka mzigo na pia kuuchelewesha.

Kuna jambo katika utafiti huo ambalo lapasa kumtia mgonjwa wa kisukari hamu ya kusikiliza. Katika panya wenye kisukari, seli za beta zilizodhoofika zilikuwa na reli nyingi zaidi kuliko kawaida. Yaani huenda baadhi ya seli hizo hazikuishiwa na insulini. Zilikuwa nayo lakini ilifungiwa ndani. Hayo ni ya panya, na si vyema kuyahamisha kwa binadamu kwa pupa.

Lakini tunajua kwa binadamu kwamba insulini hutoka kwa awamu mbili. Ya kwanza ni ya haraka, dakika chache baada ya sukari kupanda, na hutokana na vifuko vilivyokuwa vimekwisha kufika ukutani. Ya pili ni ya polepole na huendelea kwa muda mrefu, vifuko vingine vikipenya ua kimoja kimoja. Katika kisukari cha ukubwani, awamu ya kwanza hupotea mapema sana. Ndiyo maana mtu anaweza kupimwa asubuhi kabla ya kula akaambiwa yu salama, kisha sukari yake ikaruka juu baada ya chapati na chai. Na wengi hata kipimo hicho cha asubuhi hawajakipata. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya 9 kati ya 10 hawakuwa wamepimwa sukari hata mara moja maishani.

Mlango wa nyuma

Sasa turudi kwenye tembe ya glibenklamidi.

Dawa za jamii yake ziligunduliwa kwa ajali. Mwaka 1942, wakati wa vita, daktari Marcel Janbon wa Montpellier, Ufaransa, alikuwa akijaribu dawa mpya ya jamii ya salfa kwa wagonjwa wa homa ya matumbo. Baadhi ya wagonjwa walianza kuchanganyikiwa na kuzimia, na wengine wakafa. Ilibainika kwamba sukari yao ilikuwa imeshuka mno. Mwenzake, Auguste Loubatières, akagundua kwamba dawa ile ililichochea kongosho kutoa insulini. Kwa hiyo tangu siku yake ya kwanza dawa hii ilijulikana kwa madhara yale yale tunayoyaona leo kwenye barabara ya Mombasa.

Jinsi inavyofanya kazi ilikuja kufahamika katika miaka ya 1980. Dawa hii huenda moja kwa moja kwenye ile milango ya potasiamu na kuifunga. Haingoji sukari iingie, haingoji ichomwe, haingoji nishati iongezeke. Milango ya potasiamu ikifungwa, ile ya kalsiamu hufunguka, na seli hupokea ishara kwamba chakula kimefika ingawa tumbo ni tupu. Ua hulegea, vifuko hutoka.

Katika mtu asiyemeza dawa hii, sukari ikianza kushuka seli ya beta hunyamaza yenyewe. Nishati hupungua, milango ya potasiamu hufunguka, kalsiamu husukumwa nje, ua wa aktini husukwa tena. Mtu aliyemeza glibenklamidi amenyimwa breki hiyo kwa muda wote ambao dawa imo mwilini, na dawa hii yaweza kufanya kazi siku nzima, wakati mwingine zaidi. Mabaki yake bado yana nguvu na hutolewa na figo. Figo zikiwa zimechoka, kama zilivyo kwa wazee wengi wenye kisukari cha miaka mingi, dawa hurundikana. Kwa sababu hiyo tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani limeeleza katika orodha yake ya dawa muhimu kwamba glibenklamidi haiwafai watu waliozidi miaka 60, na likapendekeza gliklazidi, ambayo ni ya jamii hiyo hiyo lakini haina hatari kubwa kiasi hicho. Ikiwa mzazi wako amepita umri huo na bado anameza glibenklamidi, muulize daktari wake. Usimwachishe mwenyewe.

Yako mambo mengine ya kuangalia. Septrin, ambayo watu wengi humeza kila siku na wengine hununua tu dukani kwa kikohozi, ina salfa ndani yake na yaweza kuongeza nguvu ya glibenklamidi. Pombe, iwe bia au mbangara, hulizuia ini lisitengeneze sukari ya dharura. Na kwinini nayo huifunga milango ile ile ya potasiamu. Taveta ni nchi ya malaria tangu zamani, na si bure kwamba kati ya 1955 na 1959 sehemu hiyo pamoja na Upare ilinyunyiziwa dawa ya kuua mbu katika mradi uliopata sifa duniani. Siku hizi malaria kali hutibiwa kwanza kwa artesuneti, lakini mgonjwa anayepewa kwinini popote pale anapaswa kupimwa sukari mara kwa mara, hata kama hana kisukari. Akiwa mja mzito, hatari ni kubwa zaidi.

Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, macho kuona ukungu, hasira isiyo na sababu na maneno kuvurugika. Ukiwa na mashine ya kupimia, chini ya 4 ni hatari. Ikiwa huna, usipoteze wakati kuitafuta. Dereva aegeshe gari kwanza. Weka vijiko 3 au 4 vya sukari katika maji unywe, au kunywa soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15, ukiwa bado hujisikii vyema, rudia. Kisha kula chakula cha kushibisha. Aliyezimia asimiminiwe chochote mdomoni, kwani kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu na kukimbizwa hospitalini.

Hapa ndipo jamaa wengi hukosea. Mgonjwa ameamka, anazungumza, anacheka, nao wanataka kumrudisha nyumbani. Lakini sukari uliyompa itakwisha baada ya saa moja au mbili, na tembe bado imeushikilia mlango. Atazimia tena, pengine usiku, watu wakiwa wamelala. Mtu aliyeangushwa na dawa hii huwekwa hospitalini akaangaliwa hata kama amepata fahamu, na daktari akisema alale, haongezi malipo.

Ghala likiisha

Mzee mmoja kutoka milima ya Taita, niliyemweleza haya kwa kuchora kwenye karatasi ya dawa, alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Sasa daktari, hii dawa inaleta insulini ama inaitoa?"

"Inaitoa, mzee. Hailetí hata tone."

"Na ghala likiisha?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko maelezo yangu. Kadiri miaka inavyopita seli za beta huchoka, na nyingine hufa. Ikifika hapo, tembe hubisha hodi kwenye ghala tupu. Mgonjwa huongezewa dozi, sukari inabaki 15 au 18, naye anaambiwa na majirani kwamba hafuati masharti. Mara nyingi anafuata. Kilichobaki ni kumpa insulini yenyewe kwa sindano, na kwa kweli sielewi ni nani aliyeeneza habari kwamba sindano hiyo ni dalili ya mtu kukaribia kufa. Insulini ilipoanza kutumiwa kwa binadamu huko Toronto mnamo Januari 1922, ilimwinua kitandani kijana wa miaka 14.

Upande wa pili wa habari hii huwafurahisha wanaousikia. Wako watoto wachache sana wanaozaliwa na kisukari kwa sababu milango yao ya potasiamu ina kasoro na haifungiki, hata sukari ikipanda kiasi gani. Maghala yao yamejaa ila amri ya kufungua haifiki. Kasoro hiyo ilielezwa mwaka 2004, na mwaka 2006 madaktari wakatangaza kwamba wengi wa watoto hao waliweza kuachishwa sindano na kupewa tembe za jamii ya glibenklamidi. Kwa hiyo mtoto anayepatikana na kisukari kabla ya kutimiza miezi 6 anastahili kufanyiwa kipimo cha jeni, kwa kuwa tembe inayomwangusha babu yake yaweza kuwa ndiyo dawa yake.

Wengine huniuliza kama kuna dawa ya kisukari itakayolegeza kiunzi chenyewe, ua na reli, badala ya kusumbuana na milango. Kwa sasa haipo hospitalini. Tatizo ni kwamba aktini na tubulini zimo katika kila seli ya mwili. Dawa zinazogusa tubulini tunazo, lakini ni zile za kutibu saratani, kama vinkristini, na kila aliyewahi kumuuguza mtu anayezitumia anajua jinsi zinavyotesa neva. Kolkisini nayo hupewa wenye jongo kwa kipimo kidogo sana, kwa kuwa ikizidi huua. Atakayetaka kukifikia kiunzi cha seli ya beta bila kuzigusa seli za moyo na za ubongo ana kazi ndefu mbele yake.

Wakati huo tembe iliyopo ni ile ile. Imezwe pamoja na chakula au muda mfupi kabla, sahani ikiwa tayari iko mezani. Siku ambayo hutakula, iwe ni kwa saumu, kwa safari, kwa kutapika au kwa kuwa unga umekwisha, usiimeze kabla ya kuzungumza na anayekutibu. Na anayefunga Ramadhani amwone daktari wiki kadhaa mapema, kwa sababu dozi na saa zake hubadilishwa, na wengine hupewa dawa nyingine kabisa kwa mwezi huo.